Dawa ya Kinywani mwa Mtu Mwingine

Mwenzangu, kama una chakula mbele yako kifunike kwanza. Nakwambia wewe kwa sababu najua utanisikiliza mpaka mwisho, hutanikatiza kuniuliza tulipungukiwa nini, kama wengine wanavyoniuliza. Hatukupungukiwa kitu. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo.

Mume wangu ni mpima ardhi. Hapa Dodoma siku hizi mpima ardhi ni mtu. Tangu serikali ihamie, kila mwenye shamba la mtama anataka bikoni, zile nguzo za mipaka, kila mgeni kutoka Bukoba au Mtwara anataka kiwanja, na wote wanampigia simu yeye. Anavaa shati jeupe hata akienda porini. Kanisani ni mzee, anakaa benchi la mbele, na akisoma somo wanamsikia hadi wanaouza karanga nje ya geti. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na majoho ya kwaya. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa mama wa watoto tayari, kwa masomo ya jioni, na yeye ndiye aliyekuwa ananisubiri nje ya darasa na sweta langu mkononi. Nayasema hayo usije ukadhani namchukia. Sijawahi kumchukia. Nilimwonea kinyaa, na kinyaa ni kitu kingine kabisa.

Yalianza na mgongo. Gari la kazini lilipinduka njia ya Kongwa, akatoka mzima, ila mgongo ukawa haumwachi. Akapewa vidonge vya maumivu, vile vikali. Vikaisha, akanunua vingine. Vilipoanza kuadimika akapata mtu wa kumpatia kitu kingine, na hicho kitu kilikuwa unga. Ndiyo, unga ule ule tunaousikia kwa vijana wa vijiweni, sasa uko ndani ya mfuko wa shati jeupe la mzee wa kanisa.

Niliona dalili, sikujua ni za nini. Anasinzia mezani kijiko kikiwa bado mdomoni. Anajikuna pua mpaka inawiva. Ibadani kidevu kinagusa tai, na watu wanasema, "Mzee kachoka, viwanja vingi." Siku nilipojua alilia, akasema anaacha. Tukafunga na kuomba. Akiacha, siku ya pili anatetemeka, kamasi zinamtoka, anatapika, anaharisha kitandani, na mashuka nafua mimi. Arosto, wenyewe ndivyo wanavyoiita. Halafu anarudi kule kule.

Kisha akapona. Sikujua kapona vipi, ila nilimwona kwa macho yangu. Pua ikaacha kuwasha, macho yakafunguka, akawa anawahi kazini, anakula, anamuuliza mtoto mambo ya shule. Mimi nikasema huyu ni Mungu. Nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amemponya mume wangu mgongo, na moyoni nikamalizia ile sehemu ambayo watu hawakuisikia. Akina mama wakapiga vigelegele. Yeye kwenye benchi lake aliangalia viatu.

Sasa njoo kwenye friji.

Ilikuwa mchana, jua la kiangazi lile la huku kwetu linalopasua midomo. Binti yetu wa mwisho katoka shule, kafungua friji anatafuta maji ya zabibu. Nina mizabibu michache kule Makutupora, na zabibu zinazobaki huwa nazikamua. Nikamwona kashika kichupa ambacho sikijui, kidogo, cha dawa ya kikohozi iliyokwisha, kilikuwa nyuma kabisa ya mtungi wangu wa zabibu. Ndani kuna maji mekundu hafifu. Ameshafungua kifuniko.

"Mama, hii ni ya zamani? Inanuka."

Nikamnyang'anya. Nikanusa. Ilinuka dawa, na chini ya dawa ilinuka kinywa cha mtu asubuhi kabla hajapiga mswaki. Nikaishika mbele ya dirisha nione. Juu kuna povu jembamba, lile la kuvutika. Chini kumetulia kipande cha mchicha.

Nikamwambia mtoto akanawe mikono kwa sabuni, halafu anawe tena.

Mume wangu aliporudi kula nilikuwa nimekiweka kile kichupa katikati ya meza, pale ninapoweka bakuli la mboga. Akasimama mlangoni.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Kwenye friji yangu. Mtoto alitaka kukinywa."

Akaegemea ukuta. "Hajanywa?"

"Ni nini?"

"Ni dawa, mama watoto."

"Dawa gani ina mchicha ndani?"

Akavuta kiti, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu mgongo uanze akanieleza kitu bila kuzungusha maneno. Kuna dawa inaitwa methadoni. Mtu aliyeshikwa na unga akiinywa kila siku, mwili unatulia, arosto haimpati, hamu ya unga inashuka, anafanya kazi zake kama watu wengine. Inatolewa kliniki, bure. Ila haitolewi ukaenda nayo nyumbani kama vidonge vya malaria. Unapanga foleni kila asubuhi, unafika dirishani, unainywa hapo hapo mtoa dawa anakuangalia, basi.

"Sasa kama inatolewa, hii imefikaje hapa?"

Akakivuta kichupa upande wake.

"Baba watoto. Imefikaje hapa?"

"Siwezi kupanga foleni pale," akasema. "Nusu ya mji huu nimewapimia viwanja mimi. Nikasimame na mateja, wananiona?"

Kwa hiyo alikuwa na mtu. Yule kibarua wake wa siku nyingi, mzee mwembamba wa kijijini kwetu Haneti, anayemshikia fito porini wakati yeye anachungulia kwenye mashine. Mzee huyo naye alikuwa ameandikishwa kliniki. Basi asubuhi anakwenda dirishani, anapewa kikombe chake, anakinywa bila kumeza. Dawa inabaki shavuni. Anazunguka nyuma ya ukuta, anaitema kwenye kichupa. Mume wangu yuko ndani ya gari la kazini, vioo vyeusi, anasubiri. Anakunywa humo humo, na siku akibakiza anakuja kukificha kwenye friji.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikatoka nje, nikashika shina la mpapai, nikatapika mpaka nikatoa nyongo. Nikiwa pale nimeinama nikakumbuka kwamba huyu mtu jana usiku kaninywisha uji kwa kijiko chake, nikatapika upya.

Wewe unajua sisi tulivyo kwenye kula. Tangu tuoane tumekula bakuli moja. Mlenda ninaoupika ni wa kukausha, ule mama yangu ananiletea kutoka Haneti, tunachovya matonge mle mle, mkono wake na wangu. Jioni ile nilipika mlenda kama kawaida. Nikachovya, nikanyanyua tonge, ukavutika kama mlenda unavyovutika, uzi mrefu kutoka bakulini hadi mkononi. Na yeye akachovya. Nikarudisha tonge kwenye sahani. Nikaenda jikoni nikachukua bakuli la pili, nikamwekea lake peke yake. Akalivuta karibu yake.

Kesho yake mchana akaja wifi yangu, dada yake. Yeye ni katibu muhtasari wizarani, ana kucha ndefu na anatembea na chupa yake ya maji kwa sababu hanywi maji ya kwa watu. Kaka yake kamweleza, nadhani kamtuma.

"Wifi, nasikia umeanza kumtengea kaka yangu bakuli kama mgonjwa wa kipindupindu."

"Kaka yako anakunywa mate ya watu."

"Punguza sauti." Akaangalia dirishani. "Mate ni nini? Mtu na mumewe hawabusiani?"

"Hayo si mate yangu, wifi. Ya kwangu nayajua."

Akacheka kidogo, halafu akakaza uso. "Sikiliza. Amepona, hajapona?"

"Anakwenda kazini."

"Basi. Wewe umepata mume, watoto wamepata baba, ofisi imepata mtu. Ya kichupa waachie wanaume. Unataka aende pale dirishani, mkurugenzi wake apite amwone? Atampimia nani viwanja tena? Kwa heri mshahara, kwa heri kiti cha mbele kanisani."

"Kwa hiyo bora mate."

"Bora mate kuliko aibu! Mimi huko wizarani naona watu wanameza mambo makubwa kuliko hayo." Akachukua mkoba wake. "Tatizo lako umesoma usiku, wifi. Unadhani kila kitu kikishaandikwa ubaoni lazima kifanywe hivyo hivyo."

Nilimkaribisha chai. Akainua chupa yake ya maji, akanionyesha.

Nilifikiri sana juu ya yale maneno, bora mate kuliko aibu. Nilikwenda nayo kwenye cherehani, nikalala nayo, nikaamka nayo. Mimi ni mtu wa Biblia. Najua Bwana alitema mate chini, akafanya tope, akampaka kipofu macho. Kwa hiyo siwezi kusema mate ni najisi peke yake. Lakini yule kipofu aliambiwa nenda kanawe, akaenda mchana, watu wote wanamwona. Hakutuma mtu akamnawie.

Asubuhi moja nikapanda bajaji nikaenda mwenyewe kuona.

Kliniki iko pembezoni, nyuma ya ukuta wa matofali ya kuchoma. Nilitegemea kukuta kundi la vijana wachafu wanatukanana. Vijana walikuwepo, wengine wachafu kweli, na mmoja alikuwa anatukana. Ila kwenye foleni ile ile nilimwona dada kavaa sweta kwenye joto, na chini ya sweta pindo la sare ya unesi linachungulia. Nilimwona mwanaume aliyeingiza kitambulisho cha kazi ndani ya shati, kamba imebaki shingoni. Nilimwona mwalimu, mikono yake ina chaki. Wote wanasogea taratibu, kila mtu anaangalia kisogo cha mwenzake.

Dirishani yuko msichana mtoa dawa, mdogo, rika la binti yangu mkubwa. Ana utaratibu wake. Anamimina kwenye kikombe cha plastiki, mtu anakunywa, anampa na maji, halafu anamsalimia. Kijana mwenzake anamwambia "Mambo?" na lazima amjibu "Poa". Mtu mzima anamwambia "Shikamoo", na lazima aitikie "Marahaba". Hakuna anayeondoka bila kuitikia. Mwanzoni nilidhani ni adabu tu, nikampenda. Kumbe ndivyo anavyojua kama kinywa kiko wazi. Mtu mwenye dawa shavuni hawezi kuitikia vizuri.

Zamu ya yule mzee wa fito ikafika. Shavu moja limevimba.

"Shikamoo babu."

"Maa-haba," akasema, sauti nzito. "Jino, mjukuu wangu. Jino linaniua."

Msichana akamwonea huruma. Foleni ndefu, akampungia mkono apite.

Nikamfuata nyuma ya ukuta. Hakuniona. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kipande cha sponji, sponji ya godoro, ya njano, imevimba kama ini. Akaikamua kwenye kichupa. Akatema mengine juu yake. Akafuta mdomo wa kichupa kwa pindo la shati ambalo sitaki kulikumbuka. Gari la kazini likawa limeshasogea. Kioo kikashuka kidogo, mkono ukatoka, na mkono huo ulikuwa na kishikizo nilichokishona mimi mwenyewe juzi yake. Kichupa kikaingia ndani, kioo kikapanda.

Mzee alipogeuka akaniona. Tunajuana, mke wake na mama yangu huchuma mlenda pamoja.

"Mbukwenyi, mwanangu," akanisalimia Kigogo, kama tumekutana mnadani.

Sikuitikia. Nilikuwa namwangalia. Anatetemeka. Jua limeshatoka, mimi jasho linanitoka, yeye kajikunyata, kamasi zinamchuruzika anazifuta kwa mkono, vinyweleo vimemsimama kama kuku aliyenyonyolewa. Nikazijua zile dalili, si ndizo nilizozifulia mashuka ya mume wangu?

"Baba, wewe mwenyewe umekunywa nini leo?"

"Iliyobaki kwenye ulimi."

"Kwa nini unampa?"

Akaangalia gari. "Nisipompa, fito atashika mwingine."

Mwenzangu, mpaka pale nilidhani kinachonitapisha ni mate. Si mate. Mume wangu alikuwa hanywi mate ya yule mzee, alikuwa anakunywa afya yake. Yule mzee aliamka, akatembea kwa miguu, akapanga foleni, akapokea dawa ya siku yake moja, halafu akaikamua kwa ajili ya shati jeupe. Na shati jeupe likaenda kazini limechangamka, likapongezwa, na mke wa shati jeupe akatoa ushuhuda. Mimi nilimshukuru Mungu kwa wizi.

Nikagonga kioo cha gari kwa kiganja. Kikashuka. Alikuwa na kile kichupa mkononi, kifuniko kimeshatoka.

"Mama watoto! Umefuata nini huku?"

"Kunywa."

"Nini?"

"Kunywa, nakuangalia."

Akakipeleka mdomoni. Mkono ukasimama. Akaniangalia, akaangalia kichupa, akakishusha mapajani. Akajaribu tena, akashindwa. Kumbe siku zote alikuwa anakunywa amefumba macho, aliniambia baadaye.

"Kama huwezi kuinywa mbele ya mke wako, si dawa hiyo," nikamwambia. "Mrudishie mwenyewe."

Yule mzee alishasogea, mikono imenyooka. Sitasahau jinsi alivyokipokea. Alikinywa chote kwa pumzi moja, akalamba na kifuniko.

Siku ile mume wangu alirudi mapema anatetemeka. Nilitandika mashuka ya zamani, nikaweka ndoo karibu, nikakaa kwenye kiti nikasoma Zaburi kwa sauti. Hakuna neno la kumfariji nililolipata zaidi ya hilo. Akasema, "Mpigie simu yule mzee." Nikasema hapana. Akaniita mkatili. Akaniita mshamba wa Haneti. Akasema nimesoma na vibarua kwa hiyo sijui hadhi ni kitu gani. Nikamwambia, "Niambie hadhi ya kipande cha mchicha."

Asubuhi alikuwa kwenye ukingo wa kitanda kajifunika blanketi.

"Nitakwenda," akasema. "Ila nishonee barakoa. Nyeusi, pana."

"Ukiivaa utakunywaje?"

Akafikiri. Naapa alifikiri kweli, msomi mzima, mtu anayepima milima. Kisha akainamisha kichwa.

"Sasa watu watanionaje?"

"Wataniona mimi kwanza," nikamwambia.

Nikaenda kabatini nikatoa sare yangu ya akina mama wa kanisani, kitambaa cha kichwa na vyote, ile ninayovaa Jumapili. Nikaipiga pasi. Tukatoka nyumbani mchana kweupe, mimi nimevaa kama ninakwenda kutoa sadaka, yeye nyuma yangu na shati lake jeupe na kamasi.

Hawakumpa dawa papo hapo. Walimpima mkojo, wakamhoji, wakamrudisha kesho yake wakamhoji tena, wakataka mtu wa kusimama naye, nikasimama. Nesi mmoja mtu mzima nilimsimulia habari ya kichupa na ya mtoto wangu. Alishika kichwa. Akaniambia dawa hiyo kwa mtu asiyeizoea, na kwa mtoto hasa, ingemlaza asiamke. Kwa hiyo nilimweleza yote, na habari ya sponji pia. Sikuona sababu ya kuficha. Aliniuliza kama nataka yule mzee afukuzwe, nikasema nataka ameze.

Ikafika siku ya foleni yake ya kwanza. Niliketi kwenye benchi la wasindikizaji. Mbele yake alikuwepo mwanaume mmoja kavaa vizuri, akageuka. Mume wangu akageuka rangi. Alikuwa mchora ramani wa ofisini kwao, meza zao zinatazamana.

"Karibu, mzee," yule bwana akasema, hata hakushangaa. "Nilikuwa nakuona kila asubuhi kwenye gari."

"Ulikuwa unaniona?"

"Vile vyeusi ni vya pembeni tu, cha mbele ni cheupe. Sisi huku nje tunakuona vizuri tu. Nilikuwa nakuonea huruma." Akasogea hatua. "Mimi nakunywa hapa, saa ya kazi niko mezani. Umewahi kusikia nimechelewa?"

Hajawahi kuchelewa. Mume wangu alikuwa anamsifia nyumbani kwa hilo.

Dirishani akapewa kikombe. Akakinywa haraka, akanywa maji, akataka kuondoka.

"Shikamoo baba," msichana akasema.

Kimya. Si kwamba alikuwa na kitu mdomoni. Alikuwa ameshameza, nililiona koo likishuka. Ni ile kuitikia. Mzee mzima, aitikie "marahaba" mbele ya mateja kuthibitisha kwamba hajaiba.

"Baba, shikamoo," msichana akarudia, kwa upole, bila kumwondolea macho.

Nyuma kijana akapaza sauti: "Mzee, muitikie mtoto wa watu, huku tuna arosto!"

Mwingine akadakia: "Huyo anapima kwanza, subirini aweke bikoni!"

Foleni ikacheka, hata dada wa sweta akacheka. Mume wangu akageuka akanitafuta. Mimi sikucheka wala sikumwonea huruma, nilikaa tu na sare yangu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Sauti ile ile anayosomea somo kanisani. Wakamsikia hadi getini.

Nyuma yake watu watatu hivi alikuwepo mzee wa fito. Akasalimiwa, akaambiwa afungue kinywa, ainue ulimi, aonyeshe mashavu. Akafungua, meno yale machache, na hakuna sponji. "Marahaba mjukuu wangu," akasema, na jino lake likawa limepona ghafla. Fito bado anashika yeye. Hilo nililisimamia mimi, nilimwambia mume wangu siku fito zikishikwa na mwingine, nitahamia kwa mama Haneti na cherehani yangu.

Sasa usidhani baada ya hapo vinanda vililia. Habari zilisambaa. Wifi yangu hakunisalimia mpaka Pasaka ikapita. Mume wangu aliombwa na wenzake apumzike kidogo benchi la mbele, wakasema ni kwa ajili ya mgongo. Nami nilisimama kanisani nikarekebisha ushuhuda wangu: nikasema mume wangu anakunywa dawa kila asubuhi, dirishani, na Mungu anamponya kwa njia hiyo, taratibu. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Juma lile ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa kwangu. Walikuja, waliomba, waliimba. Nikamimina chai ya maziwa yenye tangawizi, ile wanayoigombania siku zote. Wakaaga. Nilipoingia kukusanya vyombo nikakuta vikombe vyangu vyote vimejaa, chai imeweka utando juu. Hakuna aliyegusa. Waliona kinyaa na vikombe vyangu. Wakati kinywa kilikuwa kichafu walikula kwangu na kushiba. Kiliposafishwa ndipo wakakiogopa.

Ila mmoja alibaki. Mama mmoja wa makamo, mtoto wake anafanya kazi benki, kijana wa tai na viatu vinavyong'aa. Alijifanya ananisaidia kuosha. Tukasimama kwenye karo, maji yanatiririka. Akachukua kikombe kimoja chenye chai baridi, akakinywa chote, na utando wake. Ndipo akauliza, bila kuniangalia:

"Lile dirisha linafunguliwa saa ngapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba nitawasindikiza, nimevaa sare yangu.

Mume wangu anaendelea. Kuna asubuhi anakwenda amenuna, kuna asubuhi anamtania yule msichana, naye anampa kikombe anasema shikamoo kabla hata hajameza ili amcheke akipaliwa. Mgongo bado unamuuma. Anarudi porini na mashine yake, yeye na mzee wake, wote wawili wameshiba dawa yao wenyewe. Bakuli bado ni mawili. Nimejaribu, mwenzangu. Ugali na nyama naweza, maharage naweza. Mlenda bado. Ule uzi ukivutika, tumbo langu linakumbuka. Juzi alisogeza bakuli lake likagusana na langu, akaliacha hapo. Na mimi sikuliondoa.

Nakuomba hili jambo moja. Haya niliyokwambia usiyazike kifuani kwa heshima yangu. Wapo wanaume na wanawake wenye vitambulisho vya kazi, wanakaa ndani ya magari ya vioo vyeusi, wanadhani hatuwaoni, wananunua uhai wa maskini kwenye kichupa. Wengine ni wa kwako. Msimulie mama wa mmoja wao, msimulie mke wake, simulia hata huko kwenye kikundi chenu cha kusuka mikeka. Usitaje jina la mtu, sijakupa. Waambie tu foleni iko wapi, na kwamba ukiitikia salamu hufi.

Sasa funua chakula chako, kabla hakijapoa.